Kiwanda cha Vitanda Kisichokuwapo

Kiwanda chenyewe hakikuwapo. Nariman alilijua hilo tangu siku ya kwanza, kama mtu anavyojua kwamba yumo ndotoni na bado asitake kuamka. Hakikuwa na ukuta wala paa, wala mlango wa kufungua asubuhi. Lakini akifumba macho kidogo tu, aliisikia misumeno ikiimba, akanusa mbao mbichi, akaona vumbi lake likielea kwenye mwanga wa dirishani. Na vitanda vilikuwa pale, vimepangwa safu kwa safu, havina magodoro bado, vimetulia kama wanyama wapole wanaongoja kufunguliwa waende malishoni.

Ilikuwa kazi ya darasani. Daktari Fauqiya, mwalimu wa uongozi wa biashara na tabia za watu kazini katika chuo kimoja mjini Mansura, alikuwa na mtindo wake. Hakupenda wanafunzi wakariri vitabu halafu waje kuvitapika siku ya mtihani. Muhula wa mwisho wa mwaka wa mwisho aliwagawa makundi, kila kundi likaanzisha kampuni ya kuwaza tu. Likachagua meneja, likagawana kazi, likakutana, likagombana, likapatana.

"Biashara ni watu," alikuwa akisema, huku akiifuta miwani yake kwa ncha ya shela. "Hesabu mtafundishwa na wengine. Mimi nataka nione mkikaa pamoja mnakuwaje."

Kundi la Nariman lilimchagua yeye kuwa meneja, na hilo halikumshangaza mtu. Baba yake ni seremala huko Dumyati, mji ambao nusu ya watu wake hutengeneza fanicha na nusu nyingine huiuza, kwa hiyo hata kiwanda cha vitanda kilikuwa wazo lake. Alikuwa binti mwembamba, mwenye kutembea haraka na kuongea taratibu, na darasani alikuwa akifukuzana na Hazim kwa alama. Leo huyu mbele, kesho yule. Na kufukuzana kwao hakukuwa mchezo, kwa kuwa atakayemaliza wa kwanza ndiye ambaye chuo humbakiza awe msaidizi wa mwalimu, apewe meza na wanafunzi wa kufundisha. Nariman hakutaka kitu kingine duniani. Alikwisha kuiona hiyo meza akilini, karibu na dirisha linaloutazama mto Nile, na yeye amekaa pale, anakunywa chai, upepo unamfungulia kurasa.

Njiani kulikuwa na jambo moja tu la kumkwamisha. Kila mwisho wa muhula Daktari Fauqiya alikuwa na siku yake, ambayo wanafunzi waliita siku ya kupunguza. Siku hiyo kila meneja husimama mbele ya ukumbi, akasema kampuni yake imebanwa na hali, na akamtaja mtu mmoja wa kuondoka, na sababu. Anayetajwa hukosa alama za kundi, na somo atalirudia mwaka unaofuata, wenzake wakiwa wamekwisha kuvaa majoho na kwenda zao. Meneja asiyetaja mtu huandikiwa kwamba uongozi umemshinda, na alama za uongozi huzikosa. Watu walilalamika, wakasema huu ni ukatili. Daktari Fauqiya aliwajibu kwamba huko nje hawatabembelezwa, na afadhali waumie mbele yake.

Sasa katika kiwanda cha Nariman, wa kuondoka hakuwa wa kutafutwa kwa tochi. Kulikuwa na Mina, kijana mcheshi, mwenye kuuza hata upepo. Kulikuwa na Karam, mnene, mkimya, aliyepanga safari za mbao kutoka bandarini kana kwamba meli zimo kweli majini. Halafu kulikuwa na Sundus.

Sundus alilala. Aliwekwa kusimamia mambo ya wafanyakazi, manung'uniko yao na likizo zao, na kwa kuwa wafanyakazi wenyewe hawakuwapo, yeye aliona hawana manung'uniko. Alikuja mikutanoni amechelewa, akachagua kiti cha jua, akaegemeza shavu kwenye kiganja, na kabla Karam hajamaliza habari za meli, huyo amekwenda. Alilala vizuri, hata kumwamsha ilikuwa aibu. Uso wake ulikuwa ukilainika na midomo ikafunguka kidogo, kama anayesikiliza hadithi.

Siku moja Nariman alimvuta pembeni, chini ya ngazi za maktaba. Moyoni alikuwa akitafuta udhuru wa kumpa.

"Sundus dada yangu, niambie ukweli. Kwenu kuna mgonjwa?"

"Hapana. Wote wazima, alhamdulillahi."

"Labda unafanya kazi mahali, unarudi umechoka?"

"Nani, mimi? Kazi?" Sundus akacheka. "Wallahi napenda usingizi tu. Tangu mdogo. Mama anasema nilizaliwa nimelala, mkunga akadhani nimekufa."

"Sasa mbona hunisaidii? Unajua siku ya kupunguza inakuja."

"Najua."

"Na unajua nitamtaja nani."

Sundus akapiga miayo, akaufunika mdomo kwa adabu. "Kama ningekuwa wewe, hata mimi ningemtaja Sundus." Kisha akaongeza, kana kwamba amelikumbuka jambo dogo: "Nimefikiri juu ya vitanda vyetu. Kitanda kizuri ni kile usichokikumbuka asubuhi. Mnavisifu mno kwa nakshi. Visifuni kwa kusahaulika." Akaenda zake.

Maneno hayo Mina aliyafanya kuwa tangazo la kiwanda, na Daktari Fauqiya alipoyasikia akacheka peke yake, jambo ambalo si la kila siku. Lakini wazo moja katika muhula mzima si kazi, na Nariman alilijua hilo. Akamweka Sundus kwenye nafasi ya kuondoka, akatulia. Au alidhani ametulia.

Sasa kuna jambo la watu wa Dumyati, nalo halifichiki. Misri nzima huwatania kuwa wana mkono wa birika. Wanasema ukifika kwao na njaa, mwenyeji anakuuliza: utakula, au utalala ukiwa mwepesi? Nariman alikuwa akitaniwa hivyo tangu mwaka wa kwanza, akazoea, akacheka nao. Lakini utani ni kama kijiwe ndani ya kiatu, siku zote hukisikii, halafu siku moja huwezi kupiga hatua nyingine.

Siku hiyo ilikuwa ya mkutano wa mwisho kabla ya kupunguza. Asubuhi Mina alimkuta langoni, akapaza sauti ili kila mtu asikie: "Jamani, mpeni njia bosi! Muhula mzima tumemfanyia kazi, hata punje ya karanga hatujaiona! Bosi, leo tutakula au tutalala wepesi?"

"Mwache," akasema Karam, kwa ile sauti yake ya chini. "Anatuwekea akiba ya mwakani."

Watu wakacheka. Nariman naye akacheka, lakini masikio yalimwaka. "Leo mtakula mpaka mniombe niwaache," akawaambia. "Na wewe Mina, tutakubeba kwenye mkokoteni."

Akatoka chuoni. Alinunua mikate ya moto, ile inayovimba kama inavuta pumzi, akanunua ful, maharage ya kupondwa, kwenye bakuli la kufunikwa, kababu za maharage zenye kijani ndani, bilinganya za siki, vitunguu vibichi na chumvi ya jira. Akatoa na vitu alivyoletewa kutoka nyumbani, jibini nyeupe ya Dumyati na mashabak, ile tamutamu ya kwao iliyosukwa kama wavu na kumwagiwa shira. Akavipanga juu ya meza ya mkutano, katika chumba kile cha ghorofa ya juu, akafungua dirisha.

Upepo wa jangwani ulikuwa umeanza asubuhi hiyo. Anga lote lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Jua lilining'inia ndani yake kama sahani ya shaba, mtu aweza kulitazama bila kukunja uso, na mji ulisikika kwa mbali, umefungwa kwenye pamba. Wakaketi. Karam alikuwa akimega mkate na kuuzungusha kwenye ful, akifumba macho. Mina, ambaye Wakristo wenzake walikuwa katika mfungo wao wa kabla ya Pasaka, usiogusa kitu cha maziwa, aliitazama jibini kwa huzuni.

"Ee jibini ya Dumyati," akasema, "siku niliyokungoja ndiyo siku nisiyoweza kukugusa."

"Kula maharage, bwana mkubwa, hayana dhambi," akamwambia Karam.

Nariman akala, akaangalia wanavyokula. Kitu fulani kilimfunguka kifuani. Ilikuwa kana kwamba kiwanda kimekuja chenyewe kuwazunguka. Misumeno ilikuwa imenyamaza kwa mapumziko ya mchana, mafundi wameketi juu ya magogo na mikate yao, na wale watu wote ambao hawakuwapo walikuwa wakitafuna pamoja naye, wakimtazama kwa macho mema.

Hapo ndipo Mina alipojifuta mdomo, akainua kipande chake cha mkate kama anayetoa ushahidi. "Basi, bosi, umekwisha! Sasa kati yetu kuna mkate na chumvi. Nani tena utamfukuza hapa?"

Karam akacheka. Nariman hakucheka. Akalirudisha tonge kwenye sahani.

Kwa maana hilo ni neno ambalo kila mtoto wa Misri hunyonya pamoja na maziwa. Mliokula pamoja mkate na chumvi, hamwezi kugeukana. Hata mwizi hamwibii aliyekula naye. Na hapa yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kwa hasira ya utani tu, amewaandalia watu wake meza siku moja kabla ya kumtupa mmoja wao nje. Hakuna adui angeweza kumtegea mtego mzuri kuliko huo. Mwanafunzi gani mwingine, wa nchi gani nyingine, angefanya kosa kama hilo na akalinunulia na vitunguu juu?

Akainua macho polepole kumtazama Sundus.

Sundus alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha jua, ingawa leo jua halikuwapo. Mikono yake ilikuwa mapajani. Mbele yake mkate ulikuwa mzima.

"Mbona huli?" akauliza Nariman.

"Nimefunga."

"Umefunga leo?"

"Si leo Jumatatu? Funga ya sunna." Akasema hivyo akiangalia dirisha. "Kuleni, kuleni. Msinionee haya."

"Wewe? Sunna?" Mina akashangaa. "Hata ile ya faradhi unaimaliza ukiwa umelala!"

"Ndiyo ibada yangu. Tena kimya, mfungo usije ukaharibika kwa kukusikiliza."

Wakacheka, wakaendelea kula. Lakini Nariman hakuweza kuondoa macho yake usoni pa Sundus, kwa sababu kwenye pembe ya mdomo wake, pale ambapo kitambaa cha kujifutia hakifiki, palikuwa na punje za ufuta. Zilikuwa bado zimenata. Ni ufuta wa ile mikate ya duara inayouzwa langoni, na Sundus aliila si muda mrefu uliopita, njiani, akija.

Hakuwa amefunga. Alikuwa ameketi mbele ya mkate wa moto na mashabak, akamwacha Nariman huru kumtaja.

Siku ya kupunguza upepo ulikuwa ungalipo. Ukumbi ule wa ngazi ulikuwa umejaa mpaka juu, na mwanga wa manjano uliingia kwenye madirisha marefu ukamfanya kila mtu aonekane kama picha ya zamani. Vumbi lilikuwa hewani. Sauti zilifika zimechelewa. Nariman alipoitwa, alishuka ngazi kwa ngazi, na aliona kama anashuka ndani ya maji, na meza ile ya dirishani inashuka pamoja naye, iko karibu kabisa, angeweza kuigusa.

Daktari Fauqiya alikuwa mstari wa mbele na kalamu yake.

"Kiwanda cha vitanda. Hali imekuwa ngumu. Nani anaondoka?"

"Sundus," akasema Nariman.

Akasikia mnong'ono kidogo, si wa mshangao.

"Sababu?"

Sababu alikuwa nayo. Aliirudiarudia tangu alfajiri mbele ya kioo. Kuchelewa, kulala mkutanoni, kazi isiyofanywa. Ilikuwa sababu nzuri, tena ya kweli. Akafungua kinywa aitoe, na kilichotoka kikawa kingine.

"Kwa sababu hakula nasi."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Mtu mmoja huko juu akapaza sauti, "Mdumyati kalisha watu! Iandikwe!" na kicheko kikaanza upya. Daktari Fauqiya alingoja mpaka kikaisha. Alivua miwani.

"Sikukusikia vizuri, au nimekusikia?"

"Tulikula jana, Daktari. Mkate na chumvi. Yeye peke yake hakula. Kwa hiyo yeye peke yake naweza kumtoa."

"Na angekula?"

"Nisingemtaja."

"Ina maana kiwanda chako hakiongozwi na wewe. Kinaongozwa na mkate."

"Inaelekea hivyo, Daktari."

Safari hii hakucheka mtu. Yule mama alimtazama kwa muda, na katika uso wake mkavu kulikuwa na kitu kama huruma, lakini hakikufika kwenye kalamu.

"Nariman, binti yangu. Wewe ni mwanafunzi mzuri, usinichezee mwisho wa safari. Nipe sababu ya kazi, nami nikupe alama zako. Unayo?"

"Ninayo."

"Basi itoe."

Nariman akainua macho. Huko juu, kati ya Mina na Karam, Sundus alikuwa macho. Hakuwahi kumwona macho namna hiyo katika ukumbi huu, ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na alikuwa akitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, sema. Kama mtu aliye ng'ambo ya mto akimwita mwenzake avuke.

Nariman alijaribu. Wallahi alijaribu. Aliyatafuta yale maneno ya kuchelewa na kulala, akayapata, yakakaa ulimini yamepangana vizuri. Lakini kila alipotaka kuyasukuma, alimwona yule msichana ameketi mbele ya mkate wa moto, mikono mapajani, anadanganya kwa ajili yake. Muhula mzima alimsubiri amfanyie kazi moja. Na Sundus alikuwa ameifanya jana, kimya, na asingeidai.

"Sitoi," akasema. Sauti ilimtoka ndogo. "Simwondoi mtu."

"Unajua unachokosa?"

"Najua."

Kalamu ilisogea. Ilikuwa sauti ndogo sana, na Nariman aliisikia yote. "Kaa chini," akasema Daktari Fauqiya. "Hazim, kampuni ya sabuni. Njoo."

Akapanda ngazi. Ukumbi ulikuwa umejaa ule mwanga wa manjano, na nyuso zilimpita moja moja bila jina. Alipofika kwa watu wake, Karam alijisogeza kwa ule mwili wake wote kumpa nafasi. Mina alimtupia kitambaa cha mkononi bila kumtazama.

"Ni kisafi," akanong'ona. "Karibu kisafi."

Chini, Hazim alikuwa amesimama wima. Alimtaja mwenzake, akatoa sababu, maneno machache, yamenyooka, bila chuki. Alisema vizuri. Hata Nariman, na kitambaa cha Mina puani, aliona kwamba alisema vizuri, na kwamba mtu huyo atafaa kukaa kwenye ile meza.

Sundus akamwinamia sikioni. Alikuwa na hasira.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Nilikwisha kumwambia mama kwamba simalizi mwaka huu! Amelia, amenyamaza, amenipikia. Tumekwisha kuzoea! Sasa nitamwambia nini?"

"Mwambie umefaulu."

"Kwa lipi?"

Nariman alifikiri. Machozi yalikuwa yanashuka yenyewe, na wakati huohuo kitu kama kicheko kilikuwa kinampanda kutoka tumboni, vikakutana kifuani, na hakujua kipi kitatangulia.

"Sijui," akasema. "Muulize Daktari."

"Mwendawazimu wewe," Sundus akanong'ona, na akamshika mkono chini ya meza, akauminya mpaka ukauma. "Mwendawazimu kabisa."

"Nyamazeni, wanawake," akasema Mina. "Mtu anafukuzwa kazi huko chini. Kuweni na heshima."